Saidati Hajajibu

Majengo, Gisenyi
10 Machi 1956

Mudogo yangu Muhamadi,

Salamu nyingi kutoka kwetu: za Mama, za jirani Nyirasafari, na hata za mbuzi yako, ambayo sasa iko na watoto wawili na kiburi nyingi. Sisi wote tuko wazima. Mvua inanyesha kila mchana, ziwa inakuwa nyeusi, halafu jua inarudi kama vile hakuna kitu kilifanyika. Mama muguu inamusumbua lakini anakataa kukaa. Jana nimemukuta anapanda maharagi nyuma ya nyumba. Nimemugombeza, amenijibu kwa Kinyarwanda kwamba yeye alizaliwa Kanzenze na huko hakuna mutu alikufa kwa kuinama.

Mi nashona. Ramadhani inakaribia na kila mutu anataka kanzu ya Idi. Mashini ilikufa katikati ya kazi, nikalia kabisa. Faradji akaja kuitengeneza. Unamukumbuka? Ule fundi wa moteri ya boti ya Bukavu, mutoto wa watu wa Kanama kule mulimani, aliyesilimu mwaka ule Baba alikufa. Alikaa ku baraza asubuhi nzima, mafuta mpaka ku masikio, na chai alikataa. Sasa mashini inakimbia kuliko zamani.

Baba mudogo Kadiri anapitaka kila Ijumaa. Anasema toka Baba alituacha, sisi tuko mikononi mwake mbele ya Mungu. Anakunywa chai, anauliza mi niko na miaka ngapi, kama vile hakuwa hapa nilipozaliwa.

Bon. We uko mwaka wa mwisho. Baba alikataa ubatizwe ndiyo upate shule ya hapa, akakupeleka mbali hivyo, Tabora kwa Shangazi. Watu wananiuliza unasoma nini huko. Nasema Kiingereza. Wananiambia, lakini Kiingereza si alishajua? Donc, basi, niambie vizuri, mi nipate cha kujibu.

Ni mi dada yako,
Saidati

*

Tabora
8 Aprili 1956

Dada yangu mpenzi Saidati,

Barua yako imenifikia juzi ikiwa na doa la maji pembeni, sijui ni ziwa gani limeionja, letu au lile la Kigoma. Nimefurahi hata wenzangu wa bwenini wakauliza nimepata nini. Mwambie Mama nampigia magoti, apumzike. Shangazi ni mzima, ananisubiri kila Jumapili na sahani ya wali, na kila Jumapili ananiambia nimekonda.

Sasa waambie hao watu wako hivi. Kiingereza cha darasa la mwisho si kile cha kuomba maji ya kunywa. Tunapewa kitabu kinene cha hadithi, tunakisoma mwaka mzima, halafu Novemba inaletwa karatasi kutoka Uingereza, imefungwa kwa lakiri, tunaulizwa: huyu alipotenda hivi, alikusudia nini? Yule aliponyamaza, moyoni mwake mlikuwa na nini? Na watu wenyewe hawajawahi kuwapo duniani! Usicheke. Nikifaulu somo hili nimepata ualimu. Nikianguka, narudi kupima vitambaa dukani kwa Baba mdogo.

Cha mwaka huu ni cha msichana mmoja, Winifred. Amefiwa na wazazi, anaishi shambani kwa shangazi yake, huko Uingereza kwenye matope na kondoo. Kuna bwana mmoja mwenye nyumba kubwa anayemtaka. Kuna na kijana mwingine anayefanya kazi kwenye kinu cha kusagia ngano, lakini huyo hatajwi sana. Kitabu kina kurasa nyingi za mvua. Mimi nakipenda, ila naona aibu kuwaambia wenzangu.

Huyo Faradji simkumbuki vizuri. Kama ametengeneza mashine, Mungu ambariki.

Mdogo wako,
Muhamadi

*

Majengo, Gisenyi
20 Mei 1956

Mudogo yangu Muhamadi,

Idi imepita salama, tumekula, tumevaa, tumekukumbuka. Mama alikuwekea nyama ku sahani yako kama kila mwaka, halafu jioni akamupa mutoto wa jirani.

Hadithi ya Winifredi nimewaeleza wanawake hapa wakati nashona. Ayi, wameipenda! Nyirasafari anauliza ule bwana anaingiaje ku nyumba ya msichana bila kutuma wazee. Mukagasana, ule wa sambusa, anasema kondoo zikiwa nyingi hivyo wazee wa nini. Sasa kila wakileta nguo wananiuliza Winifredi iko wapi. Donc usiniache njiani.

Kuna neno nyingine. Bwana Sudi wa Goma, ule mwenye duka ya vitambaa ukishavuka bariyeri ya mupaka, ametuma wazee kwa Baba mudogo. Unamujua. Ndevu zimeanza kuwa nyeupe, na bibi yake mukubwa, ule alimuoa kwanza, alikuwaka anatupatia peremende tukiwa watoto. Wamekuja kuposa. Anayeposwa ni mi.

Baba mudogo amefurahi mpaka amesahau chai. Anasema huyu ni mutu wa ukoo, si kama hawa watu wa mulima waliosilimu jana. Mama alikuwa anamumiminia, na Mama mwenyewe ni wa mulima, alisilimu akiolewa na Baba. Aliendelea kumimina. Lakini Sheikh amemuambia Baba mudogo kwamba hawezi kuniozesha wakati kaka yangu iko hai na ni mutu mukubwa. Walii wangu ni we. Ama uje mwenyewe, ama umuandikie karatasi ya uwakala, yeye asimame pahali pako. Atakuandikia. Nakuambia tu usishtuke.

Boti ya Bukavu ilichelewa juma hii, upepo ilikuwa mubaya, watu wakakaa pwani wakiangalia ziwa. Mi pia nilikwenda kuangalia. Ilifika magaribi, wote wazima, al-hamdulillahi. Faradji alitupatia mananasi ya kisiwa ya Idjwi. Tamu sana.

Niambie kitu moja. Huyo Winifredi, yeye mwenyewe anamutaka nani? Kitabu inasema?

Dada yako,
Saidati

*

Tabora
24 Juni 1956

Dada Saidati,

Hamjambo nyote? Huku vumbi limeanza, midomo inapasuka, na shuleni wametupa blanketi moja moja kwa sababu usiku kuna baridi. Shangazi anakusalimu na anataka kipimo cha mguu wa Mama amnunulie viatu.

Barua yako na ya Baba mdogo zimefika pamoja. Mimi, uliyenichapa kwa kuiba sukari, leo ndiye walii wako! Nimecheka peke yangu, halafu nikaacha kucheka. Baba mdogo ameandika kurasa mbili za sifa za Bwana Sudi, nyumba yake ya bati, heshima yake msikitini. Anataka uwakala upesi.

Mimi namjua Bwana Sudi kwa peremende tu. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Dada, wasemaje? Unamtaka? Sitamjibu Baba mdogo mpaka wewe unijibu. Nakuahidi.

Umeuliza Winifred anamtaka nani. Kitabu hakisemi, na hilo ndilo linalotutesa! Tumefika mahali ambapo yule bwana amekuja siku ya mvua, amevua kofia, amemwomba Winifred akubali kuolewa naye, na shangazi mtu yuko pale pale chumbani. Winifred ametazama dirishani. Kisha amemuuliza yule bwana kama anataka maziwa zaidi kwenye chai yake. Sura imeishia hapo! Mwalimu amesema tukae nayo, tuifikirie.

Nasubiri jibu lako.

Muhamadi

*

Majengo, Gisenyi
1 Agosti 1956

Mudogo yangu Muhamadi,

Sisi wazima, asifiwe Mungu. Mama muguu umepungua uvimbe. Kuna mama mumoja wa Kanama alileta dawa ya majani, Mama anaifunga ku kitambaa, nyumba yote inanuka. Kipimo ya kiatu nimekatia ku karatasi, utaikuta humu ndani, usiitupe. Maharagi imezaa sana. Mbuzi yako mumoja tumechinja Idi Kubwa, nisamehe, ule mwenye kiburi bado iko.

Nimepata kazi ya kushona nguo za watoto wa shule ya masista, rangi ya buluu, zote sawa sawa. Nachoka kuangalia buluu.

Boti ya Bukavu haikuja mwezi nzima. Moteri imevunjika, wanangoja chuma kutoka Ulaya, na fundi hawezi kuiacha. Kwa hiyo Faradji iko huko Bukavu toka mwanzo wa Julai. Ziwa iko tupu. Watu wa pwani wanalalamika hakuna mananasi.

Juu ya ile uliniuliza, umeniuliza vizuri, aksanti. Mama anakusalimu sana. Anasema ule vizuri.

Wanawake wanauliza ule bwana alijibu nini juu ya maziwa. Mi nimewaambia sijui.

Dada yako,
Saidati

*

Tabora
2 Septemba 1956

Dada yangu mpenzi,

Salamu za furaha! Kipimo cha Mama nimempa Shangazi, kesho anakwenda sokoni.

Barua yako nimeisoma na kuirudia nikitafuta jibu, sikuliona. Jumapili nikaenda nayo kwa Shangazi, nikamwambia, nimemuuliza Saidati, Saidati hajajibu. Akacheka mpaka akashika mlango. Akasema, “Wewe mtoto, hiyo shule inakutoa akili. Ulitaka mwanamwali aandike kwa mkono wake kwamba anataka mume? Mwanamwali akinyamaza amekubali. Mimi mwenyewe nilinyamaza, na babu yako alinyamaziwa na binti zake wote.” Nikaona haya kwa ujinga wangu.

Basi nimeandika uwakala mbele ya mashahidi wawili, na leo naupeleka posta kwa jina la Baba mdogo. Yeye anapanga nikah iwe baada ya Maulidi, mwisho wa Oktoba. Sitakuwapo kwa ajili ya mtihani, na hilo linaniuma, lakini moyo wangu uko nawe. Hongera, dada yangu. Goma ni karibu, utamwona Mama kila siku ukitaka.

Mdogo wako mwenye furaha,
Muhamadi

*

Tabora
23 Septemba 1956

Dada Saidati,

Sijapata barua yako, lakini naandika hivyo hivyo. Huku tu wazima, Shangazi ni mzima, viatu vya Mama vimepatikana vya ngozi nyeusi.

Nilianza barua hii jana kwa nia ya kukuchekesha, kwa hiyo nakupa kwanza kichekesho. Mwalimu wetu wa Kiingereza ametupa jaribio la kututayarisha kwa mtihani mkubwa. Swali: Winifred alipomuuliza bwana yule habari ya maziwa, alikuwa amempa jibu gani? Tukaandika. Asubuhi yake mwalimu aliingia na madaftari yetu kifuani, uso mwekundu. Darasa zima tumeandika kwamba amekubali! Zima, dada! Wanyamwezi, Wahaya, mtoto wa Pangani, Wakristo, Waislamu, wote. Mwalimu akauliza, “Nani amewaambia huyu msichana amekubali?” Mwenzangu Kayanda akasimama akamjibu, “Bwana, hakukataa.” Mwalimu akauliza, “Alisema ndiyo?” Kayanda akasema, “Bwana, msichana mwenye adabu hawezi kusema ndiyo. Amenyamaza, na shangazi yake alikuwapo. Kwetu hapo watu wanaanza kupika.”

Tulicheka sana. Mwalimu hakucheka. Alikaa juu ya meza akatusomea ile sura tena polepole, akatuambia tusitazame aliponyamaza tu, tutazame na alichokisema badala yake, na kila mara anapotoka nje anatembea kuelekea wapi. Tukatazama. Dada, kila mara anakwenda upande wa kinu. Kurasa zote zile za mvua, sisi tulidhani ni mvua.

Hapo ndipo kichekesho kilipokwisha. Wakati wa kujisomea nilichukua barua zako badala ya kitabu. Nilikuuliza neno la maisha yako yote, ukanijibu mguu wa Mama. Na kila barua, baada ya mambo yote, unatoka unakwenda pwani kuangalia boti.

Nimeingiwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo. Nimefanya nini? Nimekaa mwaka mzima nachunguza moyo wa msichana wa Kiingereza asiyekuwapo, na wewe uliyenibeba mgongoni nimekupa mtu kwa karatasi.

Nimemwandikia Baba mdogo leo hii kwamba uwakala wangu nimeuvunja mpaka nisikie neno kutoka kinywani mwako. Lakini namjua, anaweza kuiweka barua mfukoni akasema haijafika. Kwa hiyo nimekwenda kwa mkuu wa shule kuomba ruhusa. Amesema niko huru kwenda, ila mtihani haumngojei mtu, na nafasi yangu darasani ataipata mwingine. Nimemwambia nimesikia. Nisipopata habari kwako, nitapanda treni ya Kigoma ya tarehe 20 Oktoba, niwahi kabla ya hiyo nikah yao. Ualimu ukipotea, umepotea.

Nijibu, tafadhali. Hata kwa kunitukana.

Muhamadi

*

Majengo, Gisenyi
30 Septemba 1956

Muhamadi,

Mama ni muzima. Mi ni muzima. Salamu zimekwisha hapo, kwa sababu nimekukasirikia na sitaki kujifanya.

Karatasi yako imefika kwa Baba mudogo wiki iliyopita, kwangu mi hakuna barua ilifika. Hakungoja Maulidi. Alisema Bwana Sudi anasafiri kununua mali, kwa hiyo nikah ni Ijumaa hii, yaani juzi. Kunitazama mi hapana. Alimuambia Mama, Mama akaniambia, wanawake wakaja na hina. Kwa siku zote hizo mi sikufungua kinywa. Nilikuwa nafikiri, kaka yangu alisema hatajibu mpaka nimujibu. Mbona amejibu?

Ijumaa baada ya sala wakafika. Wanaume wakakaa ku baraza, Bwana Sudi na kanzu mpya, Sheikh na mashahidi. Mi niko chumba ya ndani, wanawake wamenizunguka. Mashahidi wawili wakaja ku pazia, unajua wanavyofanyaka. Wakasema, “Saidati binti Athumani, kaka yako amemupa uwakala baba yako mudogo Kadiri akuoze kwa Bwana Sudi. Umekubali?”

Nikanyamaza. Nilisikia lile neno, kaka yako, kichwa ikajaa. Wanawake wakangoja kidogo tu. Mukagasana akapiga kigelegele, wengine wakafuata, na mashahidi wakageuka kwenda kusema amekubali. Muhamadi, niliona migongo yao. Nikajua wakifika ku baraza, mi nimekuwa bibi ya Sudi na hakuna mutu ataniuliza kitu tena mpaka nikufe.

Nikasema, “Sitaki.” Hawakusikia, kelele ilikuwa nyingi. Nikasimama, nikalifungua pazia mi mwenyewe, hina ikabaki ku kitambaa. Nikasema kwa ile sauti ya kuita boti ikiwa mbali: “Sitaki! Mi sitaki! Muniulize tena, nitasema tena!”

Vigelegele vikakatika. Baba mudogo akaruka, akasema ni haya tu, wasichana wanasemaka hivyo. Sheikh akamuangalia, akamuambia, “Kadiri, mi nimesikia, na mutaa nzima imesikia. Hakuna ndoa hapa.” Akainuka akachukua fimbo yake. Bwana Sudi, simusemi vibaya, alivaa viatu polepole, akamuambia Mama pole, akarudi kwake Goma. Pilau ilikuwa imeiva, watu wakaila. Nasikia ilikuwa tamu kabisa.

Baba mudogo amesema hatakanyaga hapa tena. Mukagasana hanisalimii. Wanawake wanapita na nguo zao wanapeleka kwa fundi mwingine. Mama peke yake hakunigombeza. Usiku alinitoa hina iliyochafuka ku mikono na maji ya moto, alinitoa vizuri.

Na we. Unajua kusoma moyo ya Wazungu, yangu haukuisoma. Mi si nilikuandikia? Nilikuandikia kila kitu, ningeandika namna gani tena? Mi ni msichana, ulitaka nifanye nini? Nilifikiri mutu mwenye kusoma vile vitabu ataelewa.

Nimelia nikiandika hapa, utaona wino. Siombi radhi.

Saidati

*

Tabora
19 Oktoba 1956

Dada yangu Saidati,

Barua yako imenifikia jana jioni, treni yangu ilikuwa kesho. Sanduku lilikuwa limefungwa kwa kamba, kitabu cha Winifred nilikuwa nimeshampa Kayanda. Nimesoma barua nimesimama langoni mwa shule, nikakaa chini palepale kwenye vumbi, wenzangu wakadhani nimepata msiba.

Sikuombi unisamehe upesi. Una haki ya hasira yako, nami ninaistahili yote. Wakati mimi nafunga kamba nije kukuokoa, wewe ulikuwa umeshasimama peke yako, na karatasi yangu mwenyewe ndiyo iliyokuwa mbele yako. Nimeona aibu. Na nimeona fahari, dada, sijui kama ninaruhusiwa. Nilimsomea Shangazi ile sehemu ya pazia. Akaniambia nisome tena, kisha akafuta macho kwa ncha ya kanga. Amesema yeye mume wake hakumtaka. Watoto saba, na hakuwahi kumwambia mtu mpaka jana.

Safari nimeivunja. Mtihani wa Kiingereza ni mwisho wa Novemba, mkuu wa shule amenirudisha, Kayanda amenirudishia kitabu kwa kunung'unika kwa sababu alikuwa ameshaandika jina lake.

Sasa nikuulize kama nilivyotakiwa kukuuliza. Kuna fundi mmoja wa boti. Kila barua yako ameingia, hata barua ya hasira ina sauti ya kuitia boti. Mimi naweza kusema nimeelewa. Lakini nilishaelewa mara moja, na ona nilivyoelewa. Sitaelewa tena kwa niaba yako. Kama unamtaka Faradji, niandikie unamtaka. Kama humtaki, niandikie humtaki. Ukiniletea habari ya maharage, nitairudisha barua.

Na awe Faradji, awe mwingine, asiwe yeyote, uwakala sitampa mtu tena. Desemba nikimaliza nitakuja Gisenyi kwa miguu yangu, nitakaa barazani mbele ya Sheikh, mimi mwenyewe. Lakini sitakaa mpaka wewe uwe umesema.

Mdogo wako,
Muhamadi

*

Majengo, Gisenyi
12 Novemba 1956

Mudogo yangu Muhamadi,

Mi nilikuwa naandika hapa ku baraza, mulango wazi, Mama anachagua maharagi. Akaniuliza naandika nini muda huu wote ku karatasi yenye mustari mumoja. Nikamusomea kwa sauti.

Namutaka Faradji. Ni mi nasema, Saidati.

Mama aliacha maharagi. Akaniambia nisome tena. Nimesoma tena.

Dada yako